Mbiu Isiyo na Jambo

Mwalimu wa lugha katika mji mdogo hana kazi moja. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Rumonge, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, twajua kwamba masomo ya darasani ni nusu tu ya kazi yetu. Nusu ya pili hutufuata nyumbani jioni, mikononi mwa watu wenye karatasi. Huyu ana barua ya mahakama, yule ana hati ya shamba, na mwingine ana karatasi ya hospitali. Aghalabu karatasi hizo zimeandikwa kwa Kifaransa. Majumbani watu husema Kirundi. Sokoni, msikitini na forodhani, walipo wavuvi na wachuuzi watokao Uvira, Kalemie na Kigoma, Kiswahili ndicho kiungo. Basi mwalimu huombwa asimame katikati ya lugha hizo tatu, aseme kwa maneno ya kueleweka yale ambayo daktari ameyaandika kwa maneno ya kidaktari.

Katika makala haya tunataka kuzungumza juu ya aina moja tu ya karatasi hizo, nayo ni ile inayotaja magonjwa ya kurithi ya kinga ya mwili yaletwayo na interferoni iliyozidi. Magonjwa haya ni adimu sana, na msomaji aweza kutuuliza ni faida gani kwa walimu wa Kiswahili kujishughulisha na jambo litakalomfikia mtu mmoja katika maelfu mengi. Jawabu letu ni kwamba ugonjwa adimu ndio unaoipima lugha. Malaria ina maneno yake, na hata asiyesoma anayajua. Ugonjwa usio na maneno ndio unaoachiwa uvumi uueleze, na uvumi ukianza kueleza, kwa kawaida humtafuta mwanamke wa kumbebesha lawama.

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1957, mjini London, Mwingereza Alick Isaacs na Mswisi Jean Lindenmann walikuwa wakichunguza virusi vya mafua kwa kutumia utando wa mayai ya kuku. Waliona kwamba utando uliokwisha kutiwa virusi vilivyouawa ulitoa kitu fulani, na kitu hicho kilipotiwa katika utando mwingine, virusi vilivyo hai vilishindwa kuzaana humo. Kwa kuwa kitu hicho kiliingilia kati kazi ya virusi, wakakiita kwa jina lenye maana hiyo ya kuingilia kati. Kiswahili kimelipokea jina hilo na kulitia irabu mwishoni, tukapata interferoni. Baadhi ya wenzetu hupenda kila neno la sayansi litafutiwe asili ya Kibantu. Sisi hatuoni ubaya wa neno hili kubaki lilivyo, maadamu maelezo yake yawe ya Kiswahili safi. Neno geni lenye maelezo mazuri ni mgeni aliyepokewa na kukaribishwa kiti. Neno la kienyeji lisilo na maelezo ni sawa na mwenyeji aliyelala mlango wazi.

Maelezo hayo tunayo tayari katika hazina ya methali zetu. Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Interferoni ndiyo mbiu ya mgambo wa mwili. Ndani ya kila seli kuna walinzi ambao kazi yao ni kutambua nyuzi za urithi zisizopaswa kuwa mahali zilipo. Virusi vikiingia, huingia na nyuzi zake, na walinzi wakizigusa hupiga mbiu. Seli hutoa interferoni, interferoni huzifikia seli za jirani, nazo hufunga milango na kuandaa silaha kabla adui hajafika. Ile homa, yale maumivu ya viungo na ule uchovu tuupatao siku za mafua si kazi ya virusi peke yake, bali kwa sehemu kubwa ni kelele za mbiu hiyo. Adui akishindwa, mbiu hunyamaza, na watu hurudi mashambani mwao.

Sasa tufikiri juu ya mji ambamo mbiu inalia usiku na mchana, na hakuna jambo. Hakuna moto, hakuna mwizi, hakuna mashua iliyozama. Wanaume wamesimama na mapanga vichochoroni, maduka yamefungwa, mashamba hayalimwi, na kila kivuli hupigwa. Mji huo utakufa kwa njaa na kwa majeraha ya watu wake wenyewe bila adui kuonekana. Hiyo ndiyo hali ya mtoto mwenye ugonjwa wa aina hii.

Mwaka 1984 madaktari wawili wa Ufaransa, Jean Aicardi na Françoise Goutières, walieleza habari za watoto wanane wa familia tano. Watoto hao walionekana kama walioambukizwa virusi tangu tumboni mwa mama zao: ubongo ulikuwa umedhurika, chembe za chokaa zilikuwa zimeganda ndani yake, na maji ya uti wa mgongo yalikuwa na seli nyingi za ulinzi. Lakini virusi vilipotafutwa havikuonekana. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba maji hayo ya uti wa mgongo yalikuwa na interferoni nyingi. Ilichukua miaka mingine kupata sababu. Mwaka 2006 Yanick Crow na wenzake walionyesha kwamba kwa baadhi ya watoto hao jeni moja, iitwayo TREX1, ilikuwa na kasoro. Kazi ya jeni hiyo ni kama kazi ya mfagiaji wa soko: huondoa mabaki ya nyuzi za urithi za mwili wenyewe. Mfagiaji asipofika, mabaki hurundikana, walinzi huyagusa, hudhani ni ya virusi, nao hupiga mbiu. Tangu hapo jeni nyingine kadhaa zimejulikana. Katika baadhi ya magonjwa ya jamii hii mfagiaji hana kosa, ila mlinzi mwenyewe amezaliwa akiwa na mkono usioweza kuiachia mbiu. Mwaka 2011 Crow alipendekeza magonjwa haya yote yawekwe katika kundi moja, liitwe kwa jina la interferoni.

Tunapowaeleza wanafunzi wetu wa kidato jambo hili, mara moja mkono huinuka na methali hutolewa: kikulacho ki nguoni mwako. Mwanafunzi hufurahi, na darasa humpigia makofi. Hata hivyo sisi huwaomba waipime tena. Methali hiyo husema juu ya msaliti, yaani mtu wa karibu mwenye nia mbaya. Katika ugonjwa huu hakuna msaliti. Mlinzi ni mwaminifu kupita kiasi. Ameona alichofundishwa kukiona, akafanya alichoamriwa kufanya. Tukisema kikulacho ki nguoni mwako mbele ya wazazi wa mtoto mgonjwa, tunawatuma wakamtafute nyumbani huyo anayekula. Methali haikosi ukweli kwa kuwa ya zamani, lakini methali nzuri iliyowekwa mahali pabaya yaweza kuvunja nyumba. Hilo tumeliona kwa macho yetu.

Mama mmoja wa mtaa wa jirani, ambaye jina lake tunalihifadhi, alikuwa na mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa mzima, na miezi michache ya mwanzo alicheka na kugeuka kama watoto wengine. Kisha zikaja homa. Damu ilipimwa mara nyingi, na malaria haikuonekana. Mtoto akawa analia mchana na usiku, miguu yake ikakakamaa, na yale machache aliyokwisha kujifunza yakampotea. Wakati wa kiangazi, upepo wa ziwani unapokuwa baridi alfajiri, vidole vyake na ncha za masikio zilivimba na kuwa nyekundu. Shangazi yake aliyeko Ulaya alisaidia vipimo vifanywe huko, na baada ya muda karatasi ikaja, kurasa mbili za Kifaransa. Mama akatuletea.

"Mwalimu," alisema, "nisomee wewe. Mavyaa wangu asema karatasi hii ndiyo itakayomtaja mchawi."

Ukurasa wa kwanza ulieleza ugonjwa na jeni yenye kasoro, na chini kabisa ulisema kwamba mama ana nakala moja ya kasoro hiyo. Ukurasa wa pili ulianza kwa kusema kwamba baba naye ana nakala moja. Tuliona hatari iliyokuwapo hapo. Mtu akisoma ukurasa wa kwanza na kupumzika, mashtaka yamekwisha kutolewa na hukumu imekwisha kupita. Kwa hiyo tuliwaomba waitwe mume, baba yake na mama yake, wakae wote pamoja. Nasi tuliposoma tuliwataja mama na baba kwa pumzi moja.

Hapa ndipo lugha ilipoanza kutudai. Neno la Kifaransa lililotumika kwa hao wazazi lina maana ya mtu achukuaye kitu. Tungeweza kusema mchukuzi, lakini hapa forodhani mchukuzi ni mtu apakuaye magunia, naye anajua alichobeba na nani amemtuma. Tungeweza kusema mbebaji, lakini abebaye ugonjwa, masikioni mwa watu wetu, ni yule aupelekaye nyumba kwa nyumba. Tulichagua kusema: mwenye nakala moja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni nyingi, moja ya mama na moja ya baba, kama vile mkataba wa shamba unavyoandikwa kwa nakala mbili. Nakala moja ikiliwa na mchwa, ile ya pili yatosha kuthibitisha haki, na mwenye shamba haoni dhara lolote. Mzazi mwenye nakala moja iliyoharibika ni mtu mzima wa afya. Hakujua, wala hakukuwa na jambo la kumjulisha. Mtoto akipata nakala zote mbili zilizoharibika, ndipo ugonjwa unapotokea.

Neno kurithi nalo lilikuwa na mtego wake. Katika mazungumzo yetu ya kila siku hurithiwa mali, na hurithiwa uganga na uchawi. Anayerithi huwa ameachiwa kitu na mtu aliyekusudia kumwachia. Ugonjwa wa kurithi, kwa sikio lisilozoea, ni ugonjwa ambao kuna mtu aliuweka akiba. Tulihitaji mfano usiokuwa na kusudi la mtu ndani yake, na mfano huo ulikuwa nje ya mlango: michikichi.

Rumonge ni mji wa mawese, na baba wa mume ni mzee aliyeshinda maisha yake yote chini ya michikichi. Kila mkulima hapa anajua kwamba kuna mchikichi ambao kokwa yake ina gamba nene na nyama yake ni chache, na kuna mwingine wa gamba jembamba na mafuta mengi. Mwaka 1941, huko Yangambi nchini Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza siri ya tofauti hiyo. Mchikichi wa gamba nene, uitwao dura, una nakala mbili za jeni ya gamba. Mchikichi usio na gamba kabisa, uitwao pisifera, hauna hata moja, nao aghalabu vishada vyake huoza kabla ya kukomaa. Mchikichi wa gamba jembamba, uitwao tenera, ndio uliopata nakala moja kutoka upande huu na kukosa kutoka upande ule. Huo ndio mti bora, na ndio ambao mbegu zake hugawiwa wakulima. Lakini mkulima akiokota kokwa chini ya tenera na kuzipanda, ilhali chavua nayo ilitoka kwenye tenera nyingine, shamba lake litakuwa la mchanganyiko: robo itakuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera. Miti miwili mizuri, isiyo na ila yoyote, imezaa mti usioshika vishada.

Tulimwuliza mzee: shamba likitoka hivyo, je, humlaumu mti mama uliodondosha kokwa? Akasema mti mama hauna kosa, kwa kuwa kokwa haijitungi yenyewe. Chavua ilikuja na upepo na wadudu kutoka mti mwingine. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Akatazama karatasi asiyoweza kuisoma, akamtazama mwanawe, akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe chavua ni yetu."

Mama wa mtoto alikuwa na neno lake pia. Alisema amefahamu, lakini hapendi mwanawe afananishwe na mti usiozaa. Neno lake lilikuwa la haki, na tungependa kila mwalimu alikumbuke anapotumia mfano. Mfano una mpaka: mchikichi usiozaa hukatwa, mtoto asiyetembea hulelewa. Mfano wa shamba ulikuja kueleza njia iliyopitwa na ugonjwa, haukuja kupima thamani ya aliyefikiwa nao.

Jambo la mwisho lilikuwa hesabu, nalo ndilo gumu kuliko yote. Karatasi ilisema kwamba uwezekano wa mtoto mwingine kuugua ni mmoja katika wanne. Kwa Kiswahili chetu maneno hayo ni sahihi, na bado yanapotosha. Mama aliyasikia kama watu wengi watakavyoyasikia: kwamba katika watoto wanne mmoja lazima awe mgonjwa, na kwa kuwa huyo mmoja amekwisha kuja, watatu wanaofuata wamelipiwa. Ilitubidi tuyaache maneno ya karatasi na kusema vingine. Tulisema: kwa kila mimba, kura inapigwa upya. Chukua kokwa nne ndani ya kapu, moja ina alama. Ukitoa moja bila kutazama, irudishe kapuni kabla ya kutoa nyingine. Aliyetoa yenye alama leo aweza kuitoa tena kesho, na aweza asiitoe maisha yake yote. Tuliona uso wake ukibadilika, maana habari hiyo ilikuwa nzito kuliko ile aliyokuwa ameielewa kwanza. Lakini ilikuwa ya kweli, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuijua, kwa kuwa ndiye angechukua mimba.

Mama huyo hakurudishwa kwao. Mtoto bado hatembei. Hatuna habari ya muujiza ya kuwapa wasomaji wetu.

Pengine wenzetu watasema: hiyo ni nyumba moja. Tungependa basi kuonyesha kwamba mbiu hii na urithi huu vinahusu ufuko wote, na bara zima.

Wazee wa mwambao huu walisimuliwa na wazee wao habari za malale. Neno lenyewe ni zuri kwa mwalimu wa sarufi: limejengwa juu ya kitenzi kulala, na linataja ugonjwa kwa dalili yake ya mwisho, usingizi usioamshika. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yaliwaua watu wengi kuzunguka maziwa makuu. Robert Koch alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1906, akakaa katika visiwa vya Sese vya Ziwa Viktoria hadi mwaka 1907, akiwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Baada yake serikali ya Wajerumani ilianzisha kambi za malale, na katika Imbo ya kusini, kwenye ufuko huu huu wetu, palikuwa na kambi iliyoitwa Niansa. Vichaka vya pwani vilifyekwa ili mbung'o wasipate kivuli.

Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma. Tangu mwaka 1902 Alphonse Laveran alionyesha kwamba maji ya damu ya binadamu huua baadhi ya aina za tripanosoma, zile zinazoua ng'ombe lakini hazimdhuru mtu. Kitu kinachoua kilitambuliwa na watafiti wa Brussels mwaka 2003: ni protini iitwayo APOL1, ambayo humezwa na kijidudu, ikamtoboa kwa ndani mpaka akavimba na kupasuka. Aina mbili za tripanosoma zilijifunza kuikwepa, na hizo ndizo ziletazo malale. Lakini katika Afrika, kwa kipindi cha miaka elfu chache zilizopita, yalitokea maumbo mawili mapya ya jeni ya APOL1, yanayoitwa G1 na G2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa Uganda na Guinea, ulionyesha kwamba umbo la G2 huwakinga watu wa Uganda dhidi ya malale ya upande wa mashariki, na umbo la G1, huko Guinea, huambatana na watu walioambukizwa bila kuugua. Maumbo haya ni mengi zaidi Afrika ya Magharibi na hupungua kuelekea mashariki. Ni ngao ambayo mababu waliihunua kwa maisha ya wale wasiokuwa nayo.

Ngao hiyo ina bei. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mtu mwenye nakala mbili za maumbo hayo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa figo. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, karibu watu 13 katika kila 100 wana nakala mbili. Walio wengi kati yao hawaugui kamwe, na kwa miaka kadhaa swali lilikuwa: ni nini kinachowachagua wanaougua? Sehemu kubwa ya jawabu ilitolewa mwaka 2015, nalo ni interferoni. Interferoni ikipanda, huiamuru seli itengeneze APOL1 kwa wingi, na ile protini iliyoumbwa kumtoboa mdudu huanza kuitoboa figo. Wagonjwa saba walioharibikiwa figo baada ya kutibiwa kwa interferoni walipopimwa, wote saba walikuwa na nakala mbili. Ndiyo sababu UKIMWI, na baadaye UVIKO-19, vilionekana kuangusha figo za watu hao kwa ghafla. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mgonjwa aliyekuwa na mambo yote mawili: ugonjwa wa kurithi wa mbiu isiyonyamaza, na nakala mbili za APOL1. Figo zake ziliharibika bila virusi vyovyote kuingia, kwa kuwa mbiu peke yake ilitosha.

Tunapofundisha methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, huwa tunasimama kidogo katika neno ndwele, kwa sababu wanafunzi wetu Warundi hulitambua upesi: ni ndugu wa indwara yao. Siku hizi tunasimama mahali hapo kwa muda zaidi. Sayansi ya urithi inasema kwamba mara nyingine yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Malale yaliyowaua watu zamani yamebaki ndani ya figo za wajukuu. Malaria nayo iliacha selimundu, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, katika makala yake ya mwaka 1954. Hata hivyo sehemu ya pili ya methali haikutenguka. Yajayo bado yanagangika, na mwenye kuyaganga anahitaji kujua yaliyopita yalipita njia ipi.

Na yapo yanayogangika. Kwa magonjwa ya mbiu, baadhi ya watoto hupewa dawa zinazoziba masikio ya seli zisiisikie interferoni, kama vile ruksolitinibu na barisitinibu. Haziponyi, wala hazirudishi ubongo uliokwisha kudhurika, lakini kwa wengine hupunguza homa na vidonda vya ngozi. Kwa figo za wenye APOL1, mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya dawa inayoizuia protini hiyo. Katika wagonjwa wachache waliojaribiwa, protini iliyokuwa ikipotea katika mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Njia kutoka kwenye karatasi hizo hadi zahanati za Imbo ni ndefu. Lakini mtu hawezi kudai dawa ya ugonjwa asioweza kuutaja.

Hapo ndipo kazi yetu inapoingia, na haitaki haraka. Afrika ya Mashariki imekwisha kuona neno interferoni likitangulia maana yake. Mwezi wa Julai mwaka 1990, nchini Kenya, ilitangazwa dawa iliyoitwa Kemron, nayo ilikuwa interferoni ya kiasi kidogo sana iliyotumiwa kwa kinywa dhidi ya UKIMWI. Watu walijaa matumaini, na jina likaenea hadi vijijini. Majaribio yaliyofuata, pamoja na yale ya Kampala, hayakuona faida yake. Waliolitumainia neno hawakuwa wamepewa maelezo ya kuwawezesha kuuliza maswali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wenzetu mambo matatu madogo. Kwanza, tuyatumie maneno ambayo kamusi zetu zimekwisha kuyatengeneza, seli, jeni, virusi, na tusiyabadili kila mwaka kwa kupenda upya. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi kama hiyo ni ya kutumiwa, si ya kupambia kabati. Pili, tuyapime maneno yetu kwa sikio la atakayeumia nayo: tuseme mwenye nakala moja kabla ya kusema mbebaji, na tuseme kwa kila mimba kabla ya kusema mmoja katika wanne. Tatu, mtihani wa ufahamu usiwe daima wa hadithi za sungura na fisi. Mwanafunzi wa kidato cha nne apewe karatasi ya hospitali isiyo na jina, aambiwe amweleze bibi yake maana yake, kwa Kiswahili ambacho bibi huyo atakielewa bila kuogopa.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo tutaendelea kuifundisha, kwa sababu ni ya kweli katika miji mingi na siku nyingi. Tutaongeza tu kwamba mbiu ikilia na jambo lisionekane, wajibu wa kwanza wa wanamji ni kwenda kumtazama mpigaji mbiu na kujua kilichompata, kabla hawajaanza kutafutana mchawi.